Gari Ni Lako, Akaunti ya GPS Ni ya Nani?

Mtu akinunua gari Mbarara siku hizi, iwe Noah ya kubeba abiria wa Base Camp ya Nakivale au pikipiki ya Boxer ya mkopo, ushauri wa kwanza anaopewa ni kufunga GPS. Ushauri huo si mbaya. Gari ni mtaji wa miaka, wezi wapo, na anayekaa Nakivale hawezi kulinda chombo kilichoegeshwa mjini usiku kucha. Tatizo ni kwamba ushauri huo unaishia njiani. Hakuna anayemwambia mwenye gari kwamba kifaa kina akaunti, kwamba akaunti ina mwenyewe, na kwamba mara nyingi mwenyewe si yeye aliyelipa. Msimamo wangu ni huu: ununuzi wa gari lenye GPS haujakamilika mpaka mnunuzi aishike akaunti ya kifaa mkononi mwake, na ajue kwa majina ni nani mwingine anayeiona. Logibuku, kadi ya umiliki, peke yake haitoshi. Anayeshika akaunti anajua gari liko wapi sasa, lililala wapi jana, na mara nyingi anaweza kulizima likiwa barabarani.

Nina sababu ya kulitazama jambo hili kutoka Nakivale. Makazi haya ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Isingiro, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Mbarara, yalianza mwaka 1958 kwa Wanyarwanda waliokimbia nchi yao. Leo yana zaidi ya watu laki moja na nusu: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, kutembea nchini na kumiliki mali, na ndiyo maana utaona biashara ya usafiri imeshamiri, boda kila steji na magari madogo yakipeleka watu hospitali, benki na sokoni mjini. Watu hawa wananunua vyombo kwa jasho, wengi kwa mara ya kwanza maishani. Na wengi wao walifika hapa kwa sababu kuna mtu mahali fulani ambaye hawakutaka ajue walipo. Kwao, taarifa za mahali zina uzito ambao mwenye gari wa Kampala huenda asiufikirie kabisa.

Tuanze na namna kifaa kinavyofanya kazi, kwa sababu hofu nyingi zimeelekezwa pasipostahili. Watu huniambia kwamba satelaiti zinawaona. Haziwaoni. Satelaiti za GPS zinazunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,000 na ushee, nazo zinatuma mawimbi tu, hazipokei chochote kutoka kwenye gari lako. Kifaa kinasikiliza satelaiti zisizopungua nne, kinapima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri, kisha kinakokotoa chenyewe mahali kilipo. Hadi hapo siri yako bado imo ndani ya gari. Inatoka pale kifaa kinapotumia laini ya simu iliyomo ndani yake kupeleka hesabu hiyo kwenye seva ya kampuni fulani, na wewe unaifungua kwenye simu yako kama alama inayotembea kwenye ramani. Kwa hiyo maswali ya maana yote yako ardhini: laini ni ya nani, seva ni ya nani na iko nchi gani, akaunti imefunguliwa na nani.

Mtazame fundi umeme wa magari akifanya kazi hiyo. Anafungua kifuniko chini ya usukani kwa bisibisi, anatafuta waya wenye umeme wa moja kwa moja kutoka betri, anaunganisha waya mwekundu hapo, mweusi anaubana kwenye bodi, na wa tatu anaupeleka kwenye swichi ili kifaa kijue gari limewashwa. Mteja akitaka uwezo wa kulizima gari kwa mbali, fundi anakata waya wa pampu ya mafuta na kuweka rilei, yaani swichi ya umeme, katikati. Anatia laini, anakizungushia kifaa utepe mweusi, anakisukuma nyuma ya redio. Kisha anatoa simu yake mwenyewe. Anaandika namba ya kifaa kwenye programu, anafungua akaunti kwa barua pepe yake, na ramani ikionyesha gari limesimama mbele ya gereji, anamwonyesha mteja. Mteja anafurahi, analipa, anapewa jina la kuingilia na nenosiri kwenye kipande cha karatasi. Nenosiri hilo mara nyingi ni lile lile lililotoka kiwandani, na laini iliyomo ndani imesajiliwa kwa kitambulisho cha fundi.

Hapo ndipo penye kiini cha suala lote. Majukwaa mengi ya ufuatiliaji yamejengwa kwa ngazi: juu kabisa yupo mwenye seva, chini yake wakala wa nchi, chini ya wakala duka, chini ya duka fundi, na mwenye gari ngazi ya mwisho. Kila aliye juu anaona yote yaliyo chini yake. Ukibadilisha nenosiri la ngazi yako, wa juu hatolewi. Bado anaona, na bado anaweza kukubadilishia. Ni sawa na kuhamia nyumba mpya huku mjenzi na wasaidizi wake wote wakibaki na funguo. Huenda ni watu waaminifu. Lakini uaminifu wa mtu si ulinzi, kwa sababu mtu huhama kazi, huuza simu, hugombana, au hushawishiwa na mwenye fedha.

Tuhesabu kinachokusanywa. Kifaa kilichopangwa kutuma kila sekunde 30 gari linapotembea kitatoa alama 480 kwa mwendo wa saa nne kwa siku. Kwa mwaka wa kazi bila mapumziko ni zaidi ya alama 175,000, kila moja ikiwa na saa, tarehe, mwendokasi na mahali. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye walichapisha uchunguzi wa nyendo za simu za watu milioni moja na nusu kwa miezi 15. Waligundua kwamba alama nne tu za mahali na muda zilitosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote katika asilimia 95 ya watu hao, hata bila jina lake. Alama nne! Gari lako linatoa hizo kabla hujafika mji wa Kabingo. Anayedai kwamba data zake hazina majina, hivyo hazimdhuru mtu, hajaelewa hesabu hii. Mahali gari linapolala usiku ni nyumbani, linaposhinda mchana ni kazini, na panapobaki ni kanisa au msikiti, kliniki, ofisi ya mwanasheria, nyumba ya ndugu aliyefika juzi kutoka mpakani Bunagana.

Kwa upande wa usalama wa vifaa vyenyewe, kisa kinachofundisha zaidi ni cha MiCODUS, kampuni ya Shenzhen, China. Julai 2022 watafiti wa BitSight, pamoja na wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, walitangaza kasoro sita katika kifaa chake cha MV720. Kampuni hiyo ilikuwa na vifaa takriban milioni 1.5 katika nchi 169. Vifaa vilitoka kiwandani na nenosiri 123456, na katika sampuli ya vifaa 1,000, vifaa 945 vilikuwa bado vinalitumia. Mtu wa mbali aliyezijua kasoro hizo angeweza kufuata gari lolote miongoni mwa hayo, na hata kukata mafuta. Vifaa vya aina hiyo, vya bei nafuu na vya majina mengi, ndivyo vinavyojaa madukani kwetu. Jambo jingine ambalo wanunuzi hawaambiwi ni kwamba baadhi yake vina maikrofoni: anayejua namba ya laini iliyomo na amri inayohitajika hukipigia, nacho hupokea kimya kimya, naye akasikia mazungumzo yote yaliyomo garini.

Usidhani makampuni makubwa yamepona. Mei 2023 Toyota, ambayo magari yake ndiyo yanayotubeba, ilikiri kwamba taarifa za wateja wake takriban milioni 2.15 nchini Japani, zikiwemo za mahali magari yalipokuwa, zilikuwa wazi kwenye intaneti tangu Novemba 2013 hadi Aprili 2023 kwa sababu ya hifadhi iliyopangwa vibaya. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ilichukua hatua dhidi ya General Motors kwa kukusanya na kuuza data za mahali na za uendeshaji wa madereva bila ridhaa ya kweli. Data hizo zilikuwa zimefika hadi kwa wanaopanga bei za bima. Nasi tuna kisa chetu. Mapema mwaka 2021, baada ya malalamiko ya asasi ya Unwanted Witness, mamlaka ya teknolojia ya habari ya Uganda, NITA-U, ilichunguza SafeBoda na kukuta kwamba programu yake ilikuwa ikipeleka taarifa za watumiaji kwa kampuni ya CleverTap ya Marekani bila wao kuelezwa. Hakuna aliyevunja mlango katika visa hivi vitatu. Data zilitoka kupitia njia zilizofunguliwa na wenye mfumo wenyewe.

Sasa niwageukie wanaonunua kwa mkopo, maana ndio wengi. Mkopeshaji ana haki ya kulinda fedha yake. Sheria ya mwaka 2019 ya dhamana juu ya mali zinazohamishika inamruhusu kuandikisha haki yake juu ya pikipiki au gari katika daftari la serikali, na kifaa cha ufuatiliaji ni sehemu ya kawaida ya mikataba hiyo. Nakubali. Ninachokataa ni mambo mawili. La kwanza, mkataba unaoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria na kusainiwa na kijana anayesoma Kiswahili na Kifaransa, bila mtu kumweleza kwamba nyendo zake zote zitahifadhiwa, kwa muda gani, na nani atazisoma. Ridhaa ya namna hiyo ni saini tu. La pili, kifaa kinachobaki kikifanya kazi baada ya deni kwisha. Baadhi ya wakopeshaji hufunga vifaa viwili, kimoja cha kuonekana na kingine cha kufichwa. Mkopo ukiisha, cha kwanza hutolewa au husahaulika, na cha pili hubaki chini ya tangi kikituma. Boda ikiuzwa kwa mtu wa tatu, huyo wa tatu anafuatiliwa na kampuni ambayo hajawahi kuingia ofisini kwake.

Nasikia mara kwa mara hoja ya mtu asiye na cha kuficha. Inasemwa kwa moyo safi, hasa na wazee wetu, nami huwajibu kwa heshima: Mzee, kila mtu ana cha kulinda. Mama anayekwenda Mbarara kila Jumanne kununua bidhaa za duka lake hubeba fedha, na anayejua Jumanne yake, saa yake na mahali anapopunguza mwendo ana kila kitu mwizi anachohitaji. Kwa mkimbizi uzito unaongezeka. Oktoba 2013 Joel Mutabazi, mlinzi wa zamani wa Rais wa Rwanda aliyekuwa mkimbizi Uganda, alichukuliwa na kukabidhiwa kwa serikali ya Rwanda kinyume cha ulinzi aliokuwa nao. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lililaani hadharani, na mwaka 2014 alihukumiwa Kigali kifungo cha maisha. Sisemi GPS ilihusika. Nasema kwamba katika eneo hili la dunia kujulikana ulipo kumewahi kugharimu watu uhuru wao, na mwenye kumbukumbu hiyo hana sababu ya kuona aibu anapouliza nani anaangalia gari lake.

Hoja ya pili ni kwamba GPS inazuia wizi. Haizuii. Inasaidia kutafuta, nayo ni kazi nyingine. Mwizi mzoefu anajua mafundi huficha wapi, na dakika chache zinamtosha kung'oa waya wa betri. Mabonde ya Isingiro yana sehemu ambazo mtandao wa simu hupotea, na hapo kifaa hukaa kimya mpaka kipate mtandao tena. Alama kwenye ramani haikamati mtu. Lazima kuwe na polisi wa kuipokea na mwenye gari anayeweza kuifungua saa nane za usiku bila kumtafuta fundi. Akaunti ikiwa ya fundi na fundi amezima simu, GPS yako haina faida saa ile unapoihitaji. Unaona basi kwamba faragha na usalama wa gari vinataka kitu kimoja: mwenye gari awe ndiye mwenye akaunti.

Hoja ya tatu ni ya wenye magari ya zamani, wanaosema gari lao halina teknolojia yoyote. Washa gari lililotoka Japani usikie sauti ya mwanamke ikikumbusha kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Gari hilo lina kumbukumbu. Ramani yake mara nyingi bado ina anwani ya nyumbani kwa mwenyewe wa kwanza. Wewe nawe ukiunganisha simu kwa Bluetooth, redio hunakili majina na namba za watu wako, na ukiliuza, unauza na kitabu hicho. Mwenye jamaa Goma, Bujumbura au Mogadishu afikirie namba alizohifadhi kabla hajakabidhi ufunguo.

Hoja ya nne inahusu pleti za kidijitali za serikali, zinazokusudiwa kufuatilia magari. Chimbuko lake ni mauaji yaliyotutikisa: Andrew Felix Kaweesi wa polisi mwaka 2017, mbunge Ibrahim Abiriga mwaka 2018, na shambulio la Juni 2021 ambamo Jenerali Katumba Wamala, wakati huo Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, alinusurika huku binti yake na dereva wake wakiuawa na watu waliopanda pikipiki. Julai 2021 serikali ilisaini mkataba na kampuni ya Urusi, Joint Stock Company Global Security, na Novemba 2023 pleti zikaanza kwa magari ya serikali. Uchungu wa familia zile ni wa kweli na haja ya kuwanasa wauaji ni ya kweli. Lakini anayedhani mfumo huu utamsaidia kutafuta gari lake ajue kwamba data za mfumo haziji kwake. Human Rights Watch lilitoa onyo mwezi huo huo wa Novemba, nami naongeza swali ambalo kila mlipa kodi anapaswa kuliuliza: ni sheria gani inayomzuia afisa mmoja kumfuata mwananchi asiye na kosa? Juni 2025, adhabu za papo kwa papo zinazotegemea kamera za mfumo huo zilipoleta kilio, serikali ilizisimamisha ili zipitiwe. Funzo ni kwamba wananchi wakisema, husikilizwa. Nchini Tanzania, ambako mamlaka ya usafiri ardhini, LATRA, hufuatilia mabasi ya mikoani kwa mfumo wa kufuatilia magari, VTS, lengo limefungwa kwenye basi la abiria na mwendo wake. Gari binafsi la mtu ni jambo jingine, na mpaka huo lazima uandikwe.

Kuhusu sheria, nimewasikia watu wa Nakivale wakisema kwamba haiwahusu kwa kuwa si raia. Kwa sehemu kubwa wanakosea, na ni vizuri wajue wapi wanakosea na wapi hapana. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda inalinda faragha ya mtu, haisemi ya raia. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamhusu yeyote anayekusanya au kutunza data binafsi ndani ya Uganda, awe kampuni, fundi au idara ya serikali, na data ziwe za raia au za mgeni. Inamtaka apate ridhaa, aeleze lengo kabla ya kukusanya, asichukue zaidi ya anachohitaji, asitunze kupita muda wa lengo, na akivujisha atoe taarifa. Inakupa haki ya kuuliza ana nini juu yako na kumtaka arekebishe au afute. Anayeuza data za watu anaweza kufungwa hadi miaka 10, na kampuni inaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, ndiyo inayopokea malalamiko.

Lakini kuna ufa. Sheria hiyo inapovuka mpaka na kuwafuata walio nje ya Uganda, inataja data zinazowahusu raia wa Uganda. Mkimbizi hayumo katika maneno hayo. Maana yake kwa lugha ya gereji ni hii: ukinunua kifaa kilichounganishwa moja kwa moja na seva ya nje, bila kampuni ya Uganda katikati, Mganda wa Mbarara ana kamba ya kushika na jirani yake wa Nakivale hana. Kwa hiyo mkimbizi ana sababu ya ziada ya kununua kwa mtu mwenye ofisi nchini, aliyesajiliwa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, na aliyempa risiti. Huyo yuko ndani ya Uganda na sheria inamfikia. Bunge nalo lizibe ufa huu kwa kubadilisha maneno mawili tu: badala ya raia wa Uganda, iseme mtu aliyeko Uganda. Nchi inayosifiwa duniani kwa kuwapa wakimbizi ardhi na ruhusa ya kufanya kazi haitashindwa na hilo.

Yapo mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyafanya kabla serikali haijafanya lake, nayo hayahitaji fedha nyingi. Siku ya kufunga kifaa, akaunti ifunguliwe kwenye simu yako, kwa barua pepe yako, na laini isajiliwe kwa kitambulisho chako. Mkimbizi atumie kitambulisho chake cha ukimbizi, si cha rafiki. Nenosiri la kiwandani libadilishwe papo hapo, la programu na la kifaa chenyewe, kwa sababu ni mawili tofauti. Muulize muuzaji ni nani walio ngazi za juu ya akaunti yako, seva iko nchi gani, kumbukumbu za safari hukaa miezi mingapi, na kama kifaa kina maikrofoni. Asiyeweza kujibu, mshukuru uende duka lingine. Uwezo wa kukata mafuta usiuchukue ila kama unauhitaji kweli, na ukiuchukua hakikisha amri hiyo haifanyi kazi gari likiwa kwenye mwendo, maana kuzimikiwa na injini kwenye kona ya mteremko kunaweza kuua.

Ukinunua chombo kilichotumika, kichunguze kabla hujalipa. Kwenye gari, angalia soketi ya uchunguzi chini ya usukani, nyuma ya redio, chini ya viti na karibu na betri. Kwenye pikipiki, chini ya kiti, chini ya tangi na nyuma ya taa ya mbele. Tafuta waya ambao utepe wake si wa kiwandani. Ukikuta kifaa, usikimbilie kukikata. Muulize muuzaji kwa maandishi ni cha nani, kwa sababu huenda kuna deni ambalo hajakuambia, na daftari la dhamana linalosimamiwa na ofisi ya usajili ya serikali, URSB, litakuonyesha kama lipo. Mwenye mkopo naye asikitoe kifaa kabla ya kumaliza kulipa, kwani atavunja mkataba na kunyang'anywa chombo kihalali. Ila siku ya malipo ya mwisho adai vitu vitatu kwa karatasi: barua ya kumaliza deni, kuondolewa kwa vifaa vyote, na uthibitisho kwamba kumbukumbu za safari zake zimefutwa.

Kwa mafundi nasema hivi: mshikeni mteja mkono afungue akaunti mwenyewe, hata kama anachelewa kuandika. Huduma hiyo ndiyo itakayowaletea wateja, na itawaepusha na polisi siku gari litakapoibwa na akaunti ikawa kwenye simu yenu. Wakopeshaji waweke ukurasa mmoja wa Kiswahili, na mwingine wa Kinyarwanda au Kisomali, unaosema wanakusanya nini, kwa nini na mpaka lini, wausome kwa sauti mbele ya mkopaji kabla hajasaini. Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR, ambazo tangu uhakiki mkubwa wa mwaka 2018 zimechukua alama za vidole na macho za wakimbizi, zinajua vizuri uzito wa data. Ziingize somo hili katika mafunzo ya biashara wanayopewa vijana, na mabaraza ya ustawi wa wakimbizi yapewe fomu za malalamiko ili mtu wa Rubondo, ndani ya Nakivale, asilazimike kusafiri hadi Kampala.

Kwa serikali ombi langu ni la kisheria na linaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja: data za pleti zitunzwe kwa muda uliotajwa kisha zifutwe, anayetaka kuzifungua apate amri ya mahakama, isipokuwa pale uhai wa mtu uko hatarini, na hapo aripoti baada ya saa chache, kila anayezifungua jina lake liandikwe katika kumbukumbu ambayo hawezi kuifuta, na Bunge lipewe hesabu kila mwaka. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Jones, iliamua kwamba polisi kufunga GPS kwenye gari la mtu ni upekuzi, kama kuingia nyumbani kwake, na upekuzi una masharti. Mahakama zetu zinaweza kufikia uamuzi kama huo kwa Katiba yetu wenyewe, lakini lazima apatikane mtu wa kupeleka kesi akiwa na ushahidi mkononi. Ushahidi huo unaanza na risiti, mkataba na barua ulizodai. Zidai leo, uziweke pamoja na logibuku.